Azimio la Kuwachanja Dagaa

Tangazo lilibandikwa saa tatu asubuhi, na ilipofika saa tatu na nusu mji mzima wa Nyamahoro ulikuwa umeshalisoma, isipokuwa wale waliolitia saini.

Melania alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza alidhani macho yanamdanganya, maana alikuwa mwaloni, boti za uvuvi zinapoegesha, tangu alfajiri akigeuza dagaa mchangani, na jasho lilikuwa bado linamwasha. Mara ya pili alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Neno lilikuwa lile lile, halikubadilika hata kwa aibu. Akalipiga picha kwa simu, akavuka barabara kwenda kijiweni akiwa amefura.

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili ya mbao za mtumbwi mkongwe, mbele ya banda la Heritier, fundi wa injini za boti aliyetokea Kongo. Huyu wamemwita Mashini kwa muda mrefu hata mkewe akisikia "Heritier" anauliza ni nani tena huyo. Kahawa ni ya Mzee Gervasi, aliyekuwa tarishi wa ofisi ya mji miaka thelathini. Amestaafu, lakini siku ya kikao bado huitwa amimine chai, kwa sababu wajumbe hawaiamini chai ya mtu mwingine. Kila linalosemwa mle ndani analisikia, na kila analolisikia analikumbuka neno kwa neno, ndiyo maana akaitwa Hansadi. Melania naye hapo kijiweni anaitwa Wembe, na waliowahi kuuliza kwa nini walijibiwa papo hapo wakajuta.

"Shikamoo, Mzee Hansadi."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma?"

"Nimesoma. Nipe kahawa chungu. Kama una chungu kuliko hiyo, nipe hiyo."

Dunia, dereva wa bodaboda, aliyeitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina, alikuwa amejilaza juu ya tangi la pikipiki huku anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Oya Wembe, mimi sijasoma. Naogopa nikisoma naweza kuambiwa nitekeleze. Hebu tusomee."

Melania akafungua simu, akainyoosha mbali kidogo na macho.

"'Maazimio ya Kikao cha Kawaida cha Baraza la Mamlaka ya Mji Mdogo wa Nyamahoro. Moja. Chai ya kikao iletwe kabla ya ajenda ya kwanza na siyo baada ya ajenda ya pili, kama ilivyokuwa imezoeleka.'"

"Hilo lilichukua saa nzima na robo," akasema Hansadi huku anamimina. "Mjumbe mmoja alisimama kuhusu utaratibu, akasema njaa haina itifaki. Wakapiga meza."

"'Mbili. Njia ya kwenda mwaloni, kuanzia tarehe ya tangazo hili, itaitwa Barabara.'"

Mashini akainua kichwa kutoka kwenye injini, mikono imejaa grisi. "Njia gani? Ile yenye shimo Breki alimwangusha mke wa mchungaji?"

"Ile ile."

"Kwa hiyo shimo nalo imepanda cheo! Mi nasema, kwetu ng'ambo tumeona mambo, lakini kule shimo inabaki shimo."

"Halafu mama mchungaji sikumwangusha," Breki akalalamika. "Alishuka mwenyewe, ila kabla ya kituo."

"'Tatu. Mbuzi wasipite mbele ya ofisi siku ya kikao.'"

"Hapo nawaunga mkono," akasema Breki. "Mgeni anaweza kuja akashindwa kujua kikao kiko ndani au nje."

Wakacheka wote. Melania hakucheka. Akateremsha simu mapajani, akapuliza kahawa, akainyanyua tena.

"Sasa tegeni masikio. 'Nne. Kufuatia ombi la akina mama kumi na tisa wa mwaloni, Baraza limeridhia na kuazimia kwamba dagaa wote wa Nyamahoro wapatiwe chanjo kabla ya mvua kuanza. Kuanzia Jumatatu ijayo, gunia la dagaa lisilo na cheti cha chanjo halitapakiwa kwenye boti wala kwenye gari.'"

Muhogo ukamkwama Breki. Mashini akambandika kofi la mgongo, likaacha vidole vitano vya grisi kwenye shati.

"Rudia," akasema Breki, machozi yanamtoka.

"Wapatiwe chanjo."

"Dagaa?"

"Dagaa."

"Hawa hawa? Wa kukaanga kwa mawese?"

"Mawee! Kwani kuna wengine?"

"Mungu yangu," akasema Mashini, akakaa chini pole pole juu ya ndoo. "Sindano itaingia wapi? Dagaa mwenyewe ni mwembamba kupita sindano!"

Melania alitamani kucheka nao, lakini hakuweza. Ombi lile alikuwa ameliandika yeye, kwa mkono wake, kwenye karatasi mbili za daftari, na wenzake kumi na wanane wakaweka sahihi na dole gumba. Waliomba chanja. Chanja ni kitu ambacho mtoto wa mwambao anakijua kabla hajajua jina la babu yake: miti imesimikwa, fito zimelazwa, wavu umetandikwa juu yake, dagaa wanakauka hewani na mchanga unabaki huko chini na mambo yake. Waliomba eneo pale ufukweni na mbao za kuanzia, basi. Kwa sababu dagaa wa mchangani siku hizi mnunuzi anamtafuna mmoja, anasikia mchanga unalia menoni, anatema, anaondoka. Na mvua ndiyo usiseme. Mwaka jana ilimkuta Melania na dagaa wametandazwa eneo zima, ikanyesha siku tatu, wakaoza wote akawamwaga wakawa chakula cha kuku. Alilia mbele za watu, yeye Wembe, na hajajisamehe mpaka leo. Sasa mbalamwezi ilikuwa imekwisha, giza la kuvutia dagaa kwa taa limerudi, wavuvi wanaingia ziwani kila usiku na kurudi wamejaza, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima ya Kongo. Akipoteza msimu wa pili mfululizo, biashara imekufa, arudi kulima muhogo wa watu.

"Neno moja," akasema. "Herufi moja! Nimeandika chanja, wao wamesoma chanjo. Mzee Hansadi, wewe ulikuwemo. Ilikuwaje?"

Hansadi akaweka birika chini. Akikumbuka kikao huwa anafumba macho, na sauti inabadilika kwa kila mjumbe.

"Ilikuwa saa saba kasoro, matumbo yananguruma. Mwenyekiti, Mheshimiwa Martini, akasoma ajenda ya nne. Mjumbe wa kitongoji cha Mlimani akanyoosha kidole: 'Mheshimiwa Mwenyekiti, hao dagaa wanaumwa nini?' Mheshimiwa akavua miwani. 'Ndugu mjumbe, hili ni suala la kitaalamu. Tusiliingize siasa.' Mjumbe akakaa. Mwingine akauliza, 'Je, watachanjwa kabla ya kuvuliwa au baada ya kuvuliwa?' Mheshimiwa akasema wataalamu wataona inavyofaa. 'Wanaoafiki waseme ndiyo.' Ndiyooo. 'Wasioafiki?' Kimya. 'Walioafiki wameshinda.' Ikaja sambusa."

"Dakika ngapi?"

"Nne. Na moja ilikuwa ya kutafuta kalamu."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo na birika?"

"Hapo hapo."

"Ukanyamaza?"

Hansadi akafumbua macho. "Mwanangu, mimi mle ndani naingia kumimina, siingii kuchangia. Miaka thelathini. Mwenye birika akianza kuchangia, chai inapoa na yeye anatoka nje."

"Lakini Martini!" Melania akapiga paja. "Martini mtoto wa marehemu Mama Agnesi! Huyu kalelewa chini ya chanja jamani, mama yake alikuwa nazo tatu kule Kibirizi! Alikuwa anafukuza kunguru na fimbo mpaka kamasi zinakauka! Leo chanja haijui?"

"Anaijua. Ila hakusoma. Mheshimiwa huwa hasomi, anathibitisha."

"Ukubwa jalala," akasema Breki, "ila hili la kwetu jamaa wamelijaza wenyewe."

Wakati huo mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka Bonifasi, karani wa Baraza, ameshika chupa ya chai, anakuja kujaziwa kahawa ya wakubwa. Bonifasi amehamishiwa Nyamahoro mwaka huu. Ni kijana nadhifu, shati amechomekea mpaka linaomba msaada, na kwao, kwa maneno yake mwenyewe, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya kwenye beseni.

"Habari za hapa wazee?"

"Bonifasi," akasema Melania kwa sauti laini, na Breki akashuka kwenye pikipiki akasogea pembeni, maana anaijua hiyo sauti. "Mdogo wangu, barua yangu uliichapa wewe?"

"Ndiyo, mama. Tena nilikusaidia sana." Bonifasi akatabasamu. "Uliandika 'chanja' mara saba. Nikasema huyu mama Kiswahili kimempiga chenga, wakubwa wasije wakamcheka. Nikakusahihishia zote."

Breki akaweka muhogo chini. Hata Mashini aliacha kufuta mikono.

"Ulinisahihishia."

"Zote saba, mama. Na pale ulipoandika 'mbao', nikaona haiendani na chanjo. Nikaweka 'mabomba', ya sindano."

"Ego, kumbe ndiyo hivyo," akasema Hansadi taratibu. "Mimi nilishangaa hayo mabomba."

"Bonifasi," akasema Melania, "chanja ni kitu. Kipo. Ni kitanda cha kuanikia dagaa. Ungetembea hatua mia mbili, ukateremka kwenye hiyo Barabara yenu mpya, ungemuuliza hata mtoto mchanga."

Tabasamu likamtoka Bonifasi mdomoni, likabaki kwenye meno tu. "Kumbe?"

"Kumbe! Basi rudi ukabadilishe."

"Aa, mama, hapo sasa." Akakumbatia chupa ya chai. "Muhtasari umeshathibitishwa. Umesainiwa, umegongwa muhuri. Hauguswi mpaka kikao kijacho, kwenye ajenda ya yatokanayo. Miezi mitatu."

"Miezi mitatu mvua imeshanyesha na kurudi kwao!"

"Ndiyo hivyo, utaratibu. Mimi nashauri mama uandike barua."

"Niandike barua! Ili unisahihishie?"

Bonifasi akasahau kahawa. Alirudi ofisini na chupa tupu, anatembea kiupande upande, kama mtu anayepita jirani na mbwa asiyemfahamu.

"Wamezingua kinoma," akasema Breki. "Sasa Wembe, Jumatatu unafanyaje? Gunia bila cheti halipandi boti. Na cheti bila chanjo hakitoki. Na chanjo ya dagaa haipo duniani."

"Mi nasema tuchome moja tu," akasema Mashini, "tuseme ni mwakilishi."

"Mbona binadamu wenyewe wanakimbiaga," Breki akadakia. "Utamshikaje dagaa? Anateleza!"

"Wengine watauliza ina madhara gani. Dagaa jike atasema asije akakosa mayai," akaongeza Mashini.

"Mnacheka," akasema Melania. Sauti ilimkatika kidogo, na alichukia kusikia inakatika. "Chekeni. Mimi nina magunia kumi na moja ndani. Kumi na moja! Na mchangani kuna wengine. Hao mnaowacheka ndio nguo yangu, ndio chakula changu. Mnajua inauma vipi kuandika barua wiki nzima, unaifuta, unaandika upya, halafu mtu anaona wewe ndiye hujui?"

Wakainamisha vichwa kwa aibu ya kweli. Mzee Hansadi akamwongeza kahawa bila kuulizwa.

Hawajakaa sawa, pikipiki ya serikali ikateremka ikipiga honi kwenye kona. Aliyeshuka alikuwa Leonardi, afisa mifugo, mtu mpole, mwenye viatu vya mvua vya kijani na kisanduku cha barafu begani. Akasimama katikati ya barabara, akatazama ofisi, akatazama ziwa, kisha akaja kijiweni kama watu wote wenye mashaka.

"Shikamoo mzee. Habari zenu."

"Marahaba. Karibu, daktari. Umebeba nini?"

Leonardi akaketi, akaweka kisanduku katikati ya miguu na kukifunika na kofia. "Msinicheke."

"Hatukucheki," akasema Breki, ambaye alikuwa ameshaanza.

"Nimepewa barua ya utekelezaji. Nimeisoma, nikampigia simu mkubwa wangu. Akaniuliza, barua ina muhuri? Nikamwambia ina muhuri. Akasema kama ina muhuri, nenda." Akafungua kisanduku kidogo. "Nilichonacho ni hiki. Matone ya kideri."

"Ya kuku?" akauliza Melania.

"Ya kuku. Tone moja, jicho moja."

Hapo kijiwe kilianguka. Mashini alijifunika uso na tambara la grisi. Breki alilala chini kabisa, akapiga ardhi kwa mkono. "Tone moja! Jicho moja! Kaka mkubwa, ndoo moja tu utakula Krismasi mbili hujamaliza!"

"Na utajuaje huyu ushamtia?" akauliza Hansadi. "Wote wamekukodolea."

Leonardi akajifuta jasho. "Wazee, mimi nimesomea ng'ombe. Nina mke. Nikikataa, naandikiwa kwamba nimekaidi azimio la Baraza. Nikitekeleza, wenzangu wakisikia, sitaingia tena kwenye mkutano wa wataalamu. Nifanyeje?"

Melania alikuwa hamcheki. Alikuwa anamtazama kwa makini, na alipomtazama hivyo aliona kitu: huyu mtu naye amebanwa na karatasi ile ile iliyombana yeye, ila huyu ana kalamu ya ofisi. Akahamia benchi lake.

"Daktari, ukishatekeleza, unaandika taarifa?"

"Lazima. Inakwenda kwa Mwenyekiti leo leo."

"Na ukishindwa kutekeleza?"

"Naandika changamoto. Kila taarifa ina sehemu ya changamoto."

"Na changamoto ikiletwa, Baraza linafanya nini?"

Hansadi akajibu yeye, polepole, macho yake yakianza kung'aa. "Changamoto ya utekelezaji haingoji yatokanayo, mwanangu. Inaitishiwa kikao cha dharura."

"Basi toa kalamu, daktari," akasema Melania. "Nikuulize kama mjinga. Kuku unamchanja akiwa wapi?"

"Anashikwa. Au anawekwa mahali palipoinuka, pasafi."

"Si kwenye mchanga?"

"Ah, kwenye mchanga haiwezekani. Dawa inachafuka."

"Dagaa wangu wako wapi sasa hivi?"

Leonardi akageuza shingo, akatazama ufukwe, dagaa wametandazwa mpaka majini. Akarudisha shingo. Kitu kama tabasamu kikaanza kumjia upande mmoja wa mdomo.

"Mchangani," akasema.

"Andika. 'Zoezi la chanjo limeshindikana kwa sababu walengwa wako mchangani.' Umeandika? 'Ili zoezi lifanyike kitaalamu, zinahitajika haraka chanja arobaini.' Chanja, daktari, andika ninavyosema na wala usinisahihishie. Chan-ja. 'Zenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, zilizotandikwa wavu, eneo la ufukweni, kabla ya mvua.'"

"'Na kwa kuwa chanja hazipo,'" akadakia Hansadi, ambaye taarifa za kiofisi amezibeba bahasha kwa bahasha miaka thelathini, "'sharti la cheti lisitishwe hadi miundombinu itakapokamilika.' Weka 'miundombinu'. Hilo neno hawajawahi kulikataa."

Leonardi akaandika mpaka mwisho, akasaini, akaweka tarehe. Kisha akasimama wima, kisanduku chake begani, mtu mwingine kabisa.

"Mama, wewe ungekuwa Mwenyekiti."

"Niachie dagaa wangu," akasema Melania. "Mimi kusaini nisichosoma siwezi."

Kikao cha dharura kilikaa siku ya tatu, na Hansadi alirudi kijiweni na birika likiwa bado la moto. Dakika kumi na moja tu, akasema. Chai ilitangulia, hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kubaki. Mheshimiwa Martini alisoma neno "changamoto", akasoma neno "miundombinu", akasema Baraza hili ni sikivu. Sharti la cheti likasitishwa. Mbao zikatolewa zile zilizokuwa zimelala nyuma ya ofisi tangu mwaka juzi, za jukwaa la mgeni rasmi ambaye hakuja. Mjumbe wa Mlimani akauliza kama dagaa watapanda wenyewe au watapandishwa. Akaambiwa ni suala la kitaalamu.

Akina mama kumi na tisa hawakungoja fundi wa Baraza. Walibeba mbao kichwani, Mashini akaja na nyundo na misumari ya boti, Breki akasomba fito kutoka mlimani kwa safari tisa, na safari mbili kati ya hizo alifika na fito zote. Wiki ya pili haijaisha, chanja arobaini zilikuwa zimesimama ufukweni, nyeupe, zimenyooka, na Melania alipitisha kiganja juu ya wavu wa kila moja kama anayepima homa. Magunia yake kumi na moja yalikuwa yameshapanda boti. Usiku wavuvi walijaza, na alfajiri akina mama wakaanza kutandaza.

Saa mbili asubuhi akaja Bonifasi na kibao, nyundo na misumari miwili. Akakipigilia kwenye nguzo ya kwanza bila kumtazama mtu, akaondoka. Kibao kilisema: CHANJA HIZI NI MALI YA BARAZA. NI KWA AJILI YA CHANJO TU. NI MARUFUKU KUANIKA DAGAA.

Kijiwe kizima kiliteremka kuja kukisoma. Breki alikisoma kwa sauti, kisha akakisoma tena, kisha akashika kichwa.

"Hapana. Hapana, hawa watu wanarogwa. Nani anawaroga?"

"Hawarogwi," akasema Hansadi. "Ilikuwa kwenye mengineyo, mwisho wa kikao kile cha dharura, nami nikadhani ni utani. Mjumbe alisema wananchi wakiachiwa wataanika dagaa kwenye chanja, watachafua zoezi."

"Mungu yangu," akasema Mashini. "Chanja isianikwe dagaa! Na kitanda isilalwe!"

Wenzake Melania walikuwa wameacha kutandaza, wamemgeukia yeye, ndoo mikononi. Juu ya ziwa wingu lilikuwa jeusi upande mmoja. Alihisi ile hasira ya mwaka jana, ya kumwaga dagaa kwa kuku, ikimpanda kutoka miguuni. Halafu akalisikia neno la Mashini la kitanda likimzunguka kichwani, akalishika.

"Tandazeni," akawaambia. "Tandazeni wote, mpaka wa mwisho. Na mfunge khanga vizuri, tuna wageni."

Wageni hawakukawia. Mheshimiwa Martini alishuka kwa miguu kwenye Barabara, ameruka shimo kwa heshima zote, kofia ya kikoi kichwani, Bonifasi nyuma yake na daftari. Watu wa mwaloni wote wakajongea. Alisimama mbele ya kibao, akakiona kiko mahali pake, akaona na chanja arobaini nyuma yake zimejaa dagaa wanang'aa, akapandisha sauti.

"Nani ametoa ruhusa ya kuanika dagaa hapa?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Melania.

"Marahaba. Nimeuliza, nani kaanika dagaa?"

"Hakuna aliyeanika, Mheshimiwa. Kibao tumekisoma."

"Hawa nini?"

"Hawa?" Melania akawatazama kwa huruma, akamgeuza mmoja upande wa pili kwa vidole viwili, taratibu. "Hawa wamelazwa."

Mtu mmoja alikohoa, mwenzake akamziba mdomo kwa mkono.

"Wamelazwa," akarudia Mheshimiwa.

"Wanasubiri dozi. Si azimio lenu? Mgonjwa hachanjwi akiwa chini. Daktari ameandika, nyinyi mmeridhia. Tumewalaza, tunawageuza asubuhi na jioni. Anayekauka anaruhusiwa, anapisha mwingine. Au Baraza linasemaje, tuwarudishe chini?"

Mheshimiwa Martini akamgeukia Bonifasi. Bonifasi akafunua daftari, akafunua tena, akamnong'oneza kitu kirefu chenye neno "muhuri" mara mbili. Mheshimiwa akatazama dagaa. Akatazama akina mama kumi na tisa, wamesimama kila mmoja kichwani mwa chanja yake, mikono imefumbatwa, nyuso za msiba. Mji mzima ulikuwa unamtazama. Na pengine, nani ajuaye, ile harufu ya dagaa wanaokauka hewani ilimrudisha chini ya chanja za Mama Agnesi.

Akavua kofia.

"Basi," akasema kwa sauti ya chini, "poleni kwa kuuguza."

"Tushapoa, Mheshimiwa," wakaitikia wote kumi na tisa.